Juu ya Gharama ya Ufuasi

Katika mlango wa 14 wa Injili ya Luka, Bwana Yesu aonapo makutano makubwa yakimwandama njiani, hafurahii wingi wao wala hawahimizi waongezeke, bali huwageukia na kuwatajia masharti mazito, kisha huwauliza ni nani kati yao, akitaka kujenga mnara, asiyeketi kwanza akahesabu gharama. Msafiri atokaye Ruiru kwenda Thika hahitaji mfasiri wa mfano huo, kwa kuwa kando ya njia yamesimama maghorofa ambayo wenyewe waliishiwa fedha kabla ya kufika kwenye paa, na nondo zimebaki wazi zikila kutu. Lakini mwenye ghorofa humjua amdaiye: ni fundi, ni benki, ni muuza saruji. Mfuasi wa Kristo humlipa nani? Tarikhi ya nchi hii ya Kiambu inanielekeza kwenye jibu ambalo wahubiri wengi hulikwepa, nalo ni kwamba aghalabu mdai si dhalimu wa mbali, bali ni jirani na jamaa, na tena huenda dai lake likawa na haki ndani yake.

Ardhi iliyo baina ya Ruiru na Thika ilitwaliwa na walowezi tangu miaka ya mwanzo wa karne ya 20, ikapandwa kahawa na mkonge, na Wakikuyu wengi wakaingia katika mashamba hayo kwa kazi ya kibarua. Basi Gavana Evelyn Baring alipotangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba 1952, kiapo cha Mau Mau kilikuwa kwa watu wengi yamini ya kurudishiwa kilichoporwa, wala mimi sioni namna ya kuwaita walioapa watu wasio na hoja.

Miongoni mwa Wakikuyu hao waliishi Wahonoki, watu wa Uamsho ule ulioanzia Rwanda na Uganda kwa kina Simeoni Nsibambi na kufika Kabete mwaka 1937. Hao walikuwa na desturi ya kuungama dhambi hadharani, kurudisha vitu walivyoiba, kulipa hata madeni ambayo mdai mwenyewe alikwisha kuyasahau, na kuitana ndugu pasipo kuuliza kabila. Walipotakiwa kula kiapo walijibu kwamba wamekwisha kunywa damu ya Kristo na hawawezi kunywa nyingine, na wako waliouawa kwa jibu hilo. Hapo serikali ingedhani imepata wasaidizi. Walakini ilipowataka waingie katika kikosi cha Homgadi, kilichopigana na Mau Mau, na kushika silaha, wengi wao walikataa vilevile, wakisema hawawezi kumhubiri mtu leo na kumwua kesho. Kwa hiyo wakawa wasaliti kwa watu wa msituni, na washukiwa kwa watu wa serikali, na usiku ulipoingia hawakuwa na boma la kuwahifadhi upande wowote.

Naona uzito wa ushuhuda wao umo katika kukataa huku kwa pili. Lau wangalikataa kiapo na kuipokea bunduki, mtu angaliweza kusema, na kwa haki, kwamba walipima nguvu za pande mbili wakaegemea penye nguvu zaidi, nao wangekuwa wenye busara ya dunia tu.

Hata hivyo liko swali ambalo hukumu hii hailifuti. Mtu husema yeye amemwamini Yesu, na panga huja usiku kwa nyumba nzima. Mke hakuulizwa, watoto hawakuketi kuhesabu mnara wowote. Luka, katika mlango ule ule, anataja baba na mama, mke na watoto, kwa maneno makali ambayo mahubiri ya Jumapili huharakisha kuyalainisha, na mimi nashuku kwamba huyalainisha kwa sababu tunajua ni ya kweli. Katika maisha ya watu wanaoishi kwa ukoo na shamba, hapana dhamiri ya mtu mmoja isiyowagharimu wengine.

Dai la kiapo lilirudi baada ya uhuru, na safari hii mlowezi hakuwapo wa kusingiziwa. Waziri Tom Mboya, Mjaluo, alipouawa jijini Nairobi tarehe 5 Julai 1969, watu walianza kupakiwa katika malori na kupelekwa Gatundu, kwake Rais Jomo Kenyatta, mwendo mfupi tu kutoka Thika, kula kiapo cha kuuweka utawala mikononi mwa Wakikuyu. Ilisemwa kwamba wanakwenda kunywa chai. Waliokataa chai hiyo walipigwa, na mtumishi mmoja wa Kanisa la Presbyterian alikufa kwa kipigo. Magazeti ya makanisa, Target na Lengo, yalipinga wazi, na ujumbe wa kanisa hilo, ukiongozwa na katibu wake mkuu John Gatu, ulikwenda kumkabili Rais mwenyewe. Kwa Mkikuyu kumwambia Kenyatta neno hilo mwaka ule lilikuwa jambo zito, na viapo vikakoma.

Leo hakuna anayepeleka watu kwa malori. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 iliiona Ruiru na wakazi 490,120, mashamba ya kahawa yamekatwa ploti, na katika makanisa ya mabati na mahema kando ya barabara kuu ya Thika wako wahubiri wanaofundisha kwamba sadaka ni mbegu na Mungu atairudisha kwa faida. Hapo hesabu ya Luka imepinduliwa: mfuasi amekuwa ndiye mdai.

Lakini gharama ya kale haijaondoka. Fikiria karani wa kampuni ya ardhi anayeambiwa aandike ploti moja kwa wanunuzi wawili. Akikataa atafukuzwa kimya kimya, pasipo panga wala gazeti, na nyumbani ataulizwa karo italipwa na nini, na aulizaye atakuwa na haki ya kuuliza. Mwaka 1969 wakubwa wa kanisa walipanda Gatundu kwa ajili ya watu wao. Kwa karani huyu sijasikia ujumbe uliokwenda kwa tajiri wake, na yamkini tajiri huyo ameketi kiti cha mbele, akiombewa baraka za ploti nyingine.