Hukumu ya Mwenye Shamba na Mnyama wa Mwitu



Enyi ndugu zangu Waislamu, nimeletewa suala litokalo Mabira, wilaya ya Kyerwa, katika nchi ya Karagwe ya zamani. Msiseme ni mbali, hayatuhusu. Wafanya biashara wa pwani walikuwa na kituo chao Kafuro, huko huko Karagwe, katika karne ya 19. Na kwetu pia nyani na nguruwe-mwitu hawamwachi mtu na muhogo wake. (Huko Japani mgomvi wa mkulima ni dubu.) Muulizaji asema: mtu amelima maharagwe na mahindi, kila kukicha akuta yameliwa na kuvurugwa. Je, yamjuzia kutia sumu katika maboga, akayaweka katika njia ya mnyama?

Twajibu. Mkulima huyu ana haki, wala asichekwe na wakaao mjini. Mfugo una mwenyewe: ngamia wa Al-Baraa bin Azib alipoingia bustani ya watu, Mtume alihukumu kuwa wenye mashamba walinde mchana, na uharibifu wa usiku uwe juu ya wenye mifugo. Lakini nyani hana mwenyewe wa kushitakiwa. Serikali ilizifanya Ibanda na Rumanyika kuwa hifadhi za taifa mwaka 2019, na kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyama wa hatari. Jina lenyewe latosha kueleza: jasho lafutwa, mali hailipwi. Hata hivyo mwenye haki na aende kwa afisa wa wanyamapori upesi, nyayo zingali mbichi, asione haya.

Ama kuzuia, madhehebu yetu yampa mtu ruhusa kuilinda mali yake hata kwa mnyama, ila aanze kwa lililo jepesi. Akimweza kwa ukelele asimpige, akimweza kwa kumpiga asimwue. Sasa itazameni sumu. Hiyo haizuii, yangoja tu. Humwua aliyekula shamba na asiyelikula, na tai amlaye mzoga, na mbwa wa jirani, na mtoto aokotaye boga kwa njaa. Mwanamke mmoja aliingia Motoni kwa paka aliyemfunga hata akafa. Basi huyu je? Jawabu letu ni kuwa haijuzu, na akifa mtu, dhamana i juu ya aliyeiweka.

Na waamie kwa zamu, dungu moja kwa majirani watatu au wanne. Kwa ndovu, wakulima wa Sagalla huko Taita, Kenya, hutundika mizinga ya nyuki kuzunguka shamba. Ndovu humwogopa nyuki, na mwenyewe hupata asali. Kwa nyani sitegemei hilo.

Kweli, iliwayo na ndege, mtu au mnyama ni sadaka ya aliyepanda. Lakini nimewasikia wenzetu wakimsomea maskini hadithi hii, kisha wakarudi kula wali wao. Hiyo ni liwazo la aliyelinda akashindwa. Haimwondolei jirani wajibu wa kulinda naye.

Kilicholiwa pasina uzembe hakihesabiwi katika zaka. Mahindi na maharagwe yaliyobaki yakifika nisabu, atoe; ndizi na kahawa hazina.

Na kama maboga hayo yamekwisha tiwa sumu, ayafukie leo kabla ya magharibi, mbali na maji.