Nembo Iliyobaki Rujewa

Kisa hiki nakisimulia kwa sababu kosa lilikuwa langu, na hasara ikamwangukia mtu mwingine. Mwenye hasara ni mama mmoja wa hapa Rujewa, mfanyabiashara wa mchele. Jina lake silitaji. Ameniruhusu nieleze lilivyotokea, ili mwenzake asije akakwama pale alipokwama yeye.

Nina steshenari ndogo karibu na stendi. Nachapa barua, natoa fotokopi, nawajazia watu fomu za mtandaoni na kuwafungulia barua pepe. Wateja wangu wengi ni watu wa mpunga, maana Mbarali yote inaishi kwa mpunga. Mifereji ya Usangu ikipata maji ya kutosha, mashamba yanakuwa kijani toka Ubaruku hadi Kapunga na Madibira. Wakati wa mavuno magunia yanapangwa mashineni, na malori yanaacha barabara kuu ya Tunduma kuja kuyafuata. Mchele huo unaliwa Dar es Salaam, na mwingine unavuka Namanga kwenda kupikwa Nairobi.

Mama alikuja dukani msimu wa mavuno, simu mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kuna tajiri wa Nairobi ameniandikia, anataka bei ya mchele na kiasi kilichopo. Sasa mimi nimeona barua za makampuni, kule chini zina nembo, zina rangi, zinapendeza. Nitengenezee na mimi, nisionekane mtu wa kubahatisha."

Nilifurahi kupata kazi ya namna ile. Nilichora shuke la mpunga la rangi ya dhahabu, pembeni yake nikaandika jina la biashara kwa herufi nene za kijani. Chini nikaweka jina la mama, namba ya simu na sanduku la posta. Mama akaomba mhuri wake uonekane pia, pamoja na sahihi yake ya mkono, kwa kuwa barua isiyo na mhuri huku kwetu haiaminiki. Nikaviskani vyote viwili na kuvibandika. Kisha nikaunganisha kila kitu kuwa picha moja, ili maandishi yasihame nilipoyapanga.

Picha ile niliihifadhi kwenye Google Drive ya mama, nikachukua kiungo chake, nikakiingiza kwenye mistari michache ya HTML, yaani lugha ambayo kurasa za intaneti huandikwa kwayo. Nikafungua mipangilio ya barua pepe yake na kuibandika sehemu ya saini. Nilipobonyeza kitufe cha kuandika barua mpya, shuke likatokea liking'aa. Mama aliliangalia kwa muda, akatabasamu, akanilipa shilingi elfu kumi.

Barua yenyewe aliitunga hapohapo, nami nikaichapa. Ilikuwa fupi: bei ya kilo, idadi ya magunia yaliyokuwa stoo, na sentensi ya mwisho iliyosema, "Tuwasiliane kwa namba iliyo hapo chini." Tukatuma.

Siku tano zikapita bila jibu. Siku ya sita mama aliandika mwenyewe kwa simu yake, mistari miwili tu, akaweka namba yake kama anavyompa mtu yeyote wa hapa mjini, inayoanza na 07. Bado kimya. Mwishowe akaniambia labda bei yake ilikuwa kubwa, akaanza kuuza kidogokidogo kwa wachuuzi wa rejareja.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wiki iliyofuata dalali wa yule tajiri alipita Rujewa akitokea Igurusi, ambako lori lilikuwa limeshapakia mchele wa watu wengine. Aliulizia habari za mama mmoja aliyewahi kuwaandikia, akaelekezwa kwake, naye mama akaja naye moja kwa moja dukani kwangu. Dalali akafungua simu yake na kunipa.

Nikasoma barua niliyoichapa kwa mikono yangu. Bei ilikuwepo, idadi ya magunia ilikuwepo, na ile sentensi ya namba iliyo hapo chini ilikuwepo. Hapo chini palikuwa na kisanduku cheupe chenye alama ndogo ya picha iliyovunjika. Shuke halikuonekana, wala jina la biashara, wala simu. Hata jina la mama halikuwepo, kwa sababu na lenyewe lilikuwa ndani ya picha.

"Tajiri aliogopa," dalali akasema kwa upole. "Barua haina jina la mtu, haina simu, na chini kuna kitu kisichofunguka. Alidhani ni matapeli. Ilipokuja ile ya pili akapiga namba, ikapokelewa na kijana wa kwetu Kenya asiyejua habari ya mchele. Basi, akahakikisha."

Mama hakunilaumu. Alikaa kwenye benchi, akaniuliza neno moja tu: "Sasa mwanangu, mbona hapa kwako tuliiona?"

Funzo lote la kisa hiki limo katika swali hilo.

Tuliiona kwa sababu picha ilikuwa kwenye hifadhi ya mama, na kompyuta ilikuwa imeingia kwa akaunti ya mama. Mlango ulikuwa umefungwa kwa watu wengine wote, lakini ufunguo ulikuwa mfukoni mwetu, kwa hiyo hatukujua kama umefungwa. Picha ya namna hii haisafiri ndani ya barua. Kinachosafiri ni anwani ya mahali ilipo, na programu ya mpokeaji ndiyo inayokwenda kuichukua. Programu ya tajiri ilikwenda, ikakuta faili ni la siri, ikarudi mikono mitupu. Barua ilifika Nairobi, nembo ikabaki Rujewa.

Kosa la namba lilikuwa la aina hiyohiyo. Namba za simu za mkononi za Kenya, kama zetu, zina tarakimu kumi na nyingi zinaanza na 07. Mtu wa Nairobi akipiga namba yetu kama tunavyoitaja hapa mtaani, mitambo ya kwao inaichukulia kuwa ya Kenya na kumuunganisha na mwenye namba hiyo huko. Ukimwandikia mtu wa nje ya nchi, anza na +255, kisha uondoe ile sifuri ya mbele. Sisi tulio Rujewa tuliona namba iliyo sahihi. Aliyekuwa mbali hakuwa na namna ya kujua kuwa ni ya Tanzania.

Siku ile dalali alituvumilia karibu saa nzima. Nilianza upya, nikitumia simu yake kama kioo: kila nilichobadilisha nilimtumia, naye akanionyesha kilivyofika. Niliyojifunza nayaandika hapa kwa mpangilio, kwa ajili ya kila mwenye steshenari na kila mwenye biashara anayetaka saini ya namna hii.

Kwanza, jina na namba viwe maandishi, visiwe picha. Maandishi hayahitaji kuchukuliwa popote; yanafika pamoja na barua hata mtandao ukiwa dhaifu, hata programu ya mpokeaji ikiwa imezuia picha, na ziko programu zinazozizuia mpaka mwenyewe aruhusu. Maandishi yanaweza kunakiliwa, na yakitafutwa kwenye sanduku la barua mwaka ujao yanapatikana. Ndani ya HTML, namba ikiwekwa kwenye kiungo kinachoanza na tel:, mwenye simu anaigusa tu na kupiga. Wazee walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Maandishi ndiyo mbachao wetu.

Pili, picha ukiitaka iwe ndogo, na ikae mahali pa wazi. Anwani yake ianze na https:// na ifunguke kwa mtu asiye na akaunti yako. Njia ya kujua ni rahisi: fungua anwani hiyo kwenye dirisha la faragha la kivinjari, ambalo halikutambui. Usipoiona, hakuna mwingine atakayeiona. Ndani ya HTML andika pia neno la badala, linaloitwa alt, ili picha isipofunguka mahali pake pasomeke jina la biashara. Na kama nembo yako ina herufi nyeusi zisizo na rangi nyuma yake, ijaribu kwenye simu iliyowekwa mandhari meusi. Nyeusi juu ya nyeusi haisomeki.

Tatu, usiulazimishe mpangilio. Kila programu ya barua huchora HTML kwa namna yake. Outlook ya Windows, tangu toleo la 2007, imetumia kwa miaka mingi injini ya Word, ambayo haielewi mambo mengi ambayo kivinjari kinayaelewa. Ndiyo maana mafundi wa barua pepe bado wanatumia jedwali la kizamani, tena lenye safu chache, na kuandika rangi na ukubwa wa herufi ndani ya kila kipande badala ya kuvirundika sehemu moja juu. Pambo likipungua, linaloweza kuharibika njiani nalo linapungua.

Nne, angalia uzito. Gmail inapokea saini yenye herufi hadi 10,000, na barua ambayo HTML yake inazidi kilobaiti 102 inakatwa mwisho wake, mpaka msomaji abonyeze ili aone iliyobaki. Saini ndiyo iliyo mwisho, kwa hiyo ndiyo inayokatwa. Wapo wanaoigeuza picha kuwa maandishi ya base64 na kuisokomeza ndani ya HTML. Njia hiyo inaongeza uzito wa picha kwa takriban theluthi moja, na Gmail mara nyingi haiionyeshi kabisa.

Jambo hili la uzito si geni. Mwongozo wa adabu za mtandao uliotolewa Oktoba 1995, unaojulikana kama RFC 1855, ulishauri saini isizidi mistari minne. Sababu yake ilikuwa ya kiungwana: watu wengi walilipia mtandao kwa dakika, na kila mstari wa ziada ulikuwa gharama kwa anayesoma. Leo tunalipia kwa bando, na ungwana ule bado unahitajika. Dalali aliyekaa juu ya magunia akisoma barua yako kwa bando la shilingi mia tano hapaswi kulipia shuke lako mara kumi katika mazungumzo ya barua kumi.

La tano ndilo zito kuliko yote: ondoa mhuri na sahihi ya mkono. Hapa nilikosea vibaya zaidi, na Mungu alituepusha tu kwa kuwa picha haikufunguka. Sahihi na mhuri vikiwa kwenye barua pepe, yeyote anayeipokea anaweza kuvikata na kuvibandika kwenye hati nyingine, iwe stakabadhi ya malipo au mkataba wa kuuza shamba. Sahihi ya mkono na maelezo yaliyo mwisho wa barua pepe sisi tunaviita vyote saini, lakini maelezo hayo ni utambulisho tu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitambua saini ya kielektroniki, lakini saini iliyo salama kwa mujibu wake ni ile inayomtambulisha mtu mmoja, iliyo chini ya udhibiti wake, na iliyofungamana na waraka kiasi kwamba waraka ukibadilishwa itajulikana. Picha ya mhuri haina hata sifa moja kati ya hizo. Na kwa upande wa pili wa shilingi, ukipokea barua yenye nembo nzuri ikikuelekeza utume fedha kwenye akaunti mpya, usiamini nembo. Piga simu kwa namba unayoijua tangu zamani.

Saini tuliyomaliza nayo siku ile ilikuwa na mistari minne. Wa kwanza jina la mama. Wa pili biashara yake: ununuzi, ukoboaji na uuzaji wa mchele. Wa tatu namba ya simu yenye +255. Wa nne S.L.P., Rujewa, Mbarali, Mbeya, Tanzania. Juu ya mistari hiyo kuna shuke dogo, na lisipofunguka panasomeka jina la biashara. Dalali aliipokea, akaisoma kwa sauti toka mwanzo hadi mwisho, akagusa namba. Simu ya mama ikaita pale kwenye benchi.

Lori lile lilikuwa limekwenda, na msimu ule mama hakuuza Nairobi. Nilimrudishia elfu kumi yake, nikijua kwamba hailingani na alichopoteza.

Tangu hapo nina utaratibu mmoja dukani. Sipokei malipo ya saini ya barua pepe mpaka nimeituma kwa watu watatu: mmoja mwenye simu ndogo, mmoja mwenye kompyuta ya ofisini, na mmoja aliye nje ya mkoa. Wote watatu wananitumia picha ya wanachokiona. Jina na namba visiposomeka kwa hata mmoja wao, kazi haijakwisha.

Nawe unayesoma, fanya hivyo leo. Jitumie barua moja, kisha mwombe jirani simu yake, umtumie na yeye. Iangalie saini yako kwenye kioo cha mwingine, maana aliyeko Nairobi hana macho yako, ana barua yako tu.