Je, Tuna Deni kwa Wanafunzi?



Katika mkutano mmoja wa wazee swali hili liliulizwa: mtoto akinyimwa kitu chake kwa ajili ya uzima wa wengine, je, hao wengine wana deni kwake? Mzee mmoja alijibu upesi kwamba hakuna deni, maana wote tuliteseka. Mimi nilinyamaza. Leo nataka kujibu.

Kwanza tukumbuke mambo yalivyokuwa. Tarehe 10 Machi 2020 ilitangazwa kwamba Korona imeingia Kinshasa. Tangu tarehe 19 mwezi ule shule zote na vyuo vyote vya nchi vilifungwa, na makanisa pia. Wanafunzi wa mwaka wa sita walirudi tarehe 10 Agosti, wengine wakangoja mpaka tarehe 12 Oktoba. Kisha zikafungwa tena tarehe 18 Desemba mpaka tarehe 22 Februari 2021. Na huku kwetu watoto walikuwa hawajapumua bado, kwa sababu ya Ebola. Ilitangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, mwaka 2019 ikafika hata Pinga katika Walikale, na mwisho wake ukatangazwa tarehe 25 Juni 2020, watu 2,287 wakiwa wamekufa. Karibu miaka mitatu mtoto anaambiwa: usimshike mwenzako mkono.

Sasa angalieni jambo hili. Korona iliua zaidi wazee, na watu wenye sukari na presha. Watoto wengi haikuwaumiza sana mwilini. Basi shule ilifungwa kwa kumlinda nani? Zaidi sana sisi, pamoja na baba na mama zetu. Sisemi ilikuwa vibaya kufunga. Nasema tu kwamba walitoa wao, tukapata sisi. Hapa Masisi tunajua ng'ombe ni nini. Mtu akitoa ng'ombe wake kwa kumlipia ndugu yake kesi, ndugu huyo hawezi kusema, "Sisi wote tulipata hasara."

Na walichotoa si masomo tu. Radio Okapi ilipitisha masomo hewani, lakini nyumba ngapi kijijini zilikuwa na radio, tena yenye mawe mazima? Wavulana walishuka katika mashimo ya koltani kule Rubaya, wengine wakaenda Walikale kutafuta kasiteriti na dhahabu. Wasichana walirudi shuleni na mimba, au hawakurudi kabisa. Lakini kuna wale waliobaki nyumbani, wakakaa kimya, nasi tukasema ni watoto watulivu. Ndio ninaowafikiria hasa.

Mmoja alikuwa jirani yangu, mwanafunzi wa mwaka wa sita, mwenye akili. Alingoja mtihani wa Serikali mpaka akachoka kungoja. Alianza kulala mchana na kukesha usiku. Chakula alikigusa tu. Mama yake aliniita. Nilifika nikasimama mlangoni, nikamwambia, "Kijana wangu, acha uvivu, omba." Nikaenda zangu. Baadaye wengine walisema ana pepo, na kuna aliyetaka kumtafuta aliyemroga. Hapo ndipo kosa langu lilipozaa makosa mengine, maana ni mimi niliyewafungulia mlango kwa neno lile.

Tukiwa kanisa la manabii, tulipaswa kumkumbuka nabii Eliya. Alikaa chini ya mti akaomba afe. Malaika hakumkemea, wala hakumwambia imani yake ni haba. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, akampa mara ya pili. Safari ilikuja baada ya hayo. Mimi nilianza na safari.

Wako wanaosema: sisi tulipita vita, nani alituuliza habari za mawazo yetu? Ni kweli. Mwaka 1993, vita ilipoanzia Ntoto na kuenea Masisi, nilikuwa mtoto wa shule, na hakuna aliyeniuliza neno. Nilikua, nikaoa, nikawa shemasi. Lakini mke wangu anajua ni usiku mingapi ninaamka nikisikia mbio ambazo hazipo. Kwamba hakuna aliyenilipa deni langu si sababu ya mimi kutolipa la mwingine. Tena wakati wa vita tulikimbia pamoja, tukalala pamoja darasani kama wakimbizi. Wakati wa Korona mtoto aliambiwa akae peke yake.

Deni hili linalipwaje? Si kwa pesa, hatuna. Na kituo cha Tulizo Letu, kinachotunza wagonjwa wa akili, kiko Goma, na toka Walikale ni zaidi ya kilometa 100 za barabara mnayoijua. Lakini kuketi hakuhitaji barabara. Kumuuliza mtoto, kisha kungoja jibu bila kumkatiza, hata mkulima anaweza. Maombi yana nafasi yake, nami naomba kila siku, ila yasiwe njia ya kuondoka haraka kama nilivyofanya mimi. Na mtoto akianza kusema habari za kujiua, asiachwe peke yake hata saa moja, apelekwe kwa munganga siku ileile.

Mapema mwaka 2025, vita ilipofika Masisi-kati na kisha Walikale-kati, masomo yalikatika tena. Safari hii mashemasi wawili na mama mmoja walizunguka kwa familia zenye wanafunzi, wakaketi. Nyumba moja walikaa mpaka jioni, na mtoto hakusema kitu. Walirudi kesho yake.

Yule kijana wa mwaka wa sita sasa anaendesha pikipiki. Diploma hajaipata. Nilienda kumwomba msamaha. Alinisikiliza, akasema, "Asante, Papa Shemasi," akawasha moto wa pikipiki, maana abiria alikuwa anangoja. Nitarudi kwake.