Maisha Marefu ya Kitambaa Tabora

Katika karne ya 19, kitambaa kilitumika kama fedha kwenye njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba kaniki na merikani, pamba iliyofumwa Marekani. Katika kupima kitambaa hicho, shuka mbili zilihesabiwa doti moja. Baada ya misafara ikaja reli, iliyofika Tabora mwaka 1912, na leo nguo nyingi huingia kama mitumba. Fundi cherehani hufumua suruali pana, akatoa humo kaptula ya mtoto, na mabaki yakawa mfuko. Huo ni ufundi kamili. Kanga iliyochakaa huwa mbeleko, kisha nepi, kisha ngata ya kubebea ndoo, mwishowe tambara la kudekia. Si kitambaa tu: tairi bovu nalo huchongwa katambuga. Kopo tupu, kwa nyundo na lehemu, huwa kibatari.