Deni la Bia Lilipwe kwa Bia

Katika baa za Dar es Salaam, Moshi au Mwanza, mtu anayeingia na kuwakuta jamaa zake mezani hamalizi kuwasalimu kabla hajamwita mhudumu na kumwambia, "Waongezee hawa." Kitendo hicho kinaitwa ofa, na wengi wanakihesabu kuwa ukarimu. Wengine wanakiona ni mkopo tu, kwa sababu kila aliyeongezewa anajua kwamba zamu yake ya kuzungusha inakuja, na anayekunywa za wenzake kila siku bila kuzungusha huanza kusengenywa kabla hajafika nyumbani. Swali lililo hapa ni la zamani kuliko baa zenyewe: kitu ninachokupa huku wewe na mimi tukijua kwamba kitarudi, je, ni zawadi? Na kama si zawadi, kina ubaya gani? Msimamo wangu ni kwamba ofa ni deni, na hakuna haja ya kuliona haya deni hilo. Linaharibika pale linapodaiwa nje ya meza, kwa kitu ambacho hakikupaswa kununuliwa kwa bia wala kwa sahani ya nyama choma.

Pingamizi zito la kwanza linatoka kwenye vitabu vya dini, na si la kupuuzwa. Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Yesu anamwonya aliyemwalika chakulani kwamba akiandaa karamu asiite rafiki, ndugu na majirani wenye mali, ambao watamwalika nao na hivyo kumlipa. Aite maskini na wasiojiweza, wasio na cha kumrudishia. Katika Kurani, sura ya Al-Insan inawasifu wanaolisha wengine kwa ajili ya Mwenyezi Mungu bila kutaka malipo wala shukrani, na aya ya 264 ya Al-Baqara inaonya kwamba masimbulizi hubatilisha sadaka. Kwa kipimo hicho mzungushaji wa baa hana thawabu hata moja. Lakini tuangalie ni nani anayelishwa katika mafundisho hayo. Al-Insan inataja maskini, yatima na mateka. Luka anasimulia karamu nyumbani kwa mkubwa mmoja wa Mafarisayo, ambako wageni walikuwa wakichagua viti vya heshima. Kote anayetetewa ni mwenye njaa asiyeweza kulipa, ambaye mwenye nacho anaelekea kumsahau kwa sababu hamfai kitu. Kinachokatazwa ni kuigeuza njaa ya mtu kuwa deni. Watu wanne wenye vipato vinavyolingana, wanaoagiziana kwa zamu Ijumaa jioni, hawamnyimi yatima kitu, ilimradi haki ya yatima haikuishia kaunta. Tena imepokewa kwa Mtume Muhammad kwamba aliyetendewa wema aulipe, na akikosa cha kulipia amwombee dua aliyemtendea. Dini yenye agizo hilo haioni kurudishiana kuwa doa.

Msomaji Mwislamu atasema, na ana haki, kwamba pombe yenyewe ni haramu, kwa hiyo mjadala wa nani amlipie nani umekwisha kabla haujaanza. Basi aihamishie hoja hii kwenye kijiwe cha kahawa, ambako anayenyanyuka kuondoka huwalipia wenzake vikombe na vipande vya kashata, na kesho analipa mwingine. Kanuni ni ileile.

Mwanazuoni Mfaransa Marcel Mauss, katika insha yake ya mwaka 1925 kuhusu zawadi, alieleza kwamba katika jamii nyingi mtu anawajibika kutoa, anawajibika kupokea, na anawajibika kurudisha. Uchagani jambo hilo halikuhitaji insha. Mbege, pombe ya huko, hutengenezwa kwa ndizi mbivu na kimea cha ulezi, kazi ya siku kadhaa, na ikishaiva haikai. Inaendelea kuchacha mpaka inakuwa kali isiyonyweka. Familia moja haiwezi kulimaliza pipa peke yake, kwa hiyo majirani wanaitwa, kata inapita mkono kwa mkono, na safari nyingine pipa liko kwa mwingine. Kinywaji chenyewe kilikuwa kinalazimisha zamu. Bia ya chupa haina lazima hiyo: inakaa kwenye friji miezi, inamtosha mtu mmoja, bei yake inajulikana, na mtu anaweza kabisa kunywa yake akalipa akaondoka. Watu walipoichukua chupa hiyo ya mtu mmoja wakairudisha kwenye zamu, walionyesha kwamba wanachokitafuta mezani kinazidi kiu. Angalia pia muda wa kulipa. Anayeongezewa bia moja, naye palepale akaagiza moja ya kumrudishia mtoaji, amelipa kila senti na bado amemkwaza, maana amemwonyesha kwamba hataki kudaiwa naye hata usiku mmoja. Deni linaloachwa lilale ndilo linalowakutanisha tena. Hata wahenga waliosema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, hawakuwa wachoyo kama wengi wanavyodhani. Anayepewa jembe amekubaliwa kuwa mtu wa nyumba ile, kwa kuwa sasa naye anatoa.

Kama kurudisha ni halali, kosa liko wapi? Kipimo bora ninachokijua kimo katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Mtume alimtuma mtu wa kabila la Azd, Ibn al-Lutbiyya, akakusanye sadaka. Aliporudi akatenganisha alivyokuja navyo: hivi ni vyenu, na hivi mimi nimezawadiwa. Mtume akasimama juu ya mimbari akauliza kwa nini mtu huyo asingekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake, aone kama zawadi hizo zingemfuata huko. Swali hilo linaingia baa yoyote ya leo. Ofisa ardhi anayeongezewa na mtu ambaye faili lake liko ofisini kwake, je, angeongezewa kama angekuwa fundi viatu? Mwenye faili hatarajii kurudishiwa bia. Anatarajia saini, na saini ile si mali ya ofisa hata aitoe kulipia kinywaji chake.

Tanzania imelipeleka jambo hili mpaka mahakamani. Mwaka 2000 Sheria ya Uchaguzi ilirekebishwa ili kile ambacho mgombea anawapa watu kwa nia njema, kama ukarimu wa kawaida au wa jadi, kisihesabiwe kuwa rushwa. Kikaitwa takrima. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na taasisi nyingine wakafungua shauri Mahakama Kuu, na Aprili 2006 vifungu hivyo vikatamkwa kuwa kinyume cha Katiba. Sababu mojawapo ni kwamba vilimbagua mgombea asiye na fedha. Watetezi wa takrima walikuwa na hoja inayogusa moyo: Mwafrika hawezi kuwaita watu kwake akawaacha na njaa. Ni kweli. Lakini mwenyeji wa jadi anapika mwaka mzima, na aliyekula kwake leo atampikia kesho. Mgombea anakuja na kreti za bia na masufuria ya pilau msimu wa kura, akishachaguliwa haonekani, na mwanakijiji hana njia wala nafasi ya kumrudishia pilau. Kitu pekee alichonacho ambacho mgombea anakitaka ni kura. Zamu imevunjwa makusudi, kisha jina la mababu likatumiwa kuufunika uvunjaji huo. Ninaiona hukumu ile kuwa utetezi bora wa ukarimu wa jadi kuliko sheria iliyofutwa.

Kuna pahali pengine deni hubadilishwa hivyohivyo, na pagumu zaidi kupazungumzia kwa sababu hakuna anayepiga kelele. Mhudumu anafika kwenye meza ya mwanamke, mkono mmoja chupa, mwingine opena, anaonyesha kwa kidevu mwanamume aliyekaa kona ile, anauliza, "Nifungue?" Hapo ndipo ofa inapopimwa. Chupa ambayo haijafunguliwa inarudi kaunta bila hasara kwa mtu. Iliyofunguliwa imeshaingia kwenye bili na imeshapata mwenyewe. Ofa inayomwachia mpokeaji nafasi ya kusema hapana, na hapana yake ikaheshimiwa, ni ya heshima hata ikitoka kwa mgeni kabisa. Iliyofunguliwa kaunta ikaletwa inatoa povu, na dakika tano baadaye mtoaji akavuta kiti akiamini amelipia haki ya kukaa pale na zaidi ya kukaa, huo ni udai wa kitu ambacho hakikuwa sokoni. Mhudumu mwenyewe yuko pabaya zaidi. Mteja anamwambia, "Na wewe jiletee," naye mshahara wake ni mdogo na mteja akikasirika anaweza kumchongea kwa mwenye baa. Hapana yake haina pa kuegemea. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inaitambua rushwa ya ngono inayodaiwa na mwenye mamlaka, lakini mteja mwenye hela hana cheo kinachoandikika popote, na mamlaka yake yote yamo mfukoni. Anapaswa kujiuliza mwenyewe lile swali la mimbarini: kama angekaa bila pochi, binti huyu angekaa naye?

Atatokea wa kusema kwamba ukishataka bia ilipwe kwa bia, umemfukuza asiye na kitu. Aliyepunguzwa kazini atakaaje na wenzake ikiwa kila chupa inamdai? Jibu langu ni kwamba kinachozungushwa mezani hakijawahi kuwa bia peke yake. Mwanafalsafa wa Kirumi Seneca, katika kitabu chake kuhusu fadhila, anasema kwamba anayepokea kwa furaha ameshalipa fungu la kwanza la deni. Anayeleta habari, anayepatanisha wawili walionuniana, anayemsindikiza mwenzake aliyezidiwa mpaka mlangoni kwake, huyo analipa kwa kile kile walichokuja kukitafuta. Siku akipata kidogo akaagiza karanga za wote, amemaliza deni lake. Wenzake wakizidharau karanga hizo, basi walikuwa wanafanya biashara, na ni vizuri alijue hilo mapema.

Pingamizi linaloniumiza ni jingine. Zamu ina hesabu yake: wakiwa watano na kila mmoja akazungusha mara moja, kila mmoja amekunywa tano, pamoja na yule aliyekuja kwa nia ya kunywa mbili na kurudi nyumbani na ada ya mtoto. Adabu ndiyo iliyomlewesha. Jibu kwamba kila mtu ni mtu mzima halinitoshi, kwa sababu nguvu ya zamu imo katika kumfanya mtu mzima aone haya kukataa. Kama ofa ni halali kwa kuwa inaweza kukataliwa, meza inayomcheka anayeomba maji mzunguko wa tatu imeshauvunja uhalali wake. Hapa wasiokunywa wanaweza kufanya kitu ambacho wanywaji wenyewe hawakiwezi. Wapo waumini ambao dini yao, kwa namna wanavyoielewa, haiwaruhusu hata kukaa penye pombe, na hawapaswi kubembelezwa. Lakini Mlokole anayekaa na wafanyakazi wenzake akiwa na soda yake, na zamu yake ikifika akalipia kilo ya nyama na ndizi za kuchoma badala ya bia ambayo dhamiri yake inamkataza kuinunua, ametimiza wajibu wote wa meza bila tone la pombe. Tena aliyekaa pembeni yake, aliyekuwa anaona haya kuishia mbili, sasa hayuko peke yake.