Mjukuu, Propela Nitakaa Nazo Mimi

Mjukuu wangu, nimekusikia. Unataka uunganishe droni yako ya mashindano leo, kesho iruke, keshokutwa vijana wa Kalemie wakuite bingwa. Keti kwanza. Sikukatazi. Nimechoka kukataza watoto, maana wote niliowakataza walifanya. Nipe tu masikio kabla hujashika kalamu ya kuchomelea.

Mzigo wako umetoka Dar es Salaam hadi Kigoma, ukavuka ziwa mpaka Kalemie, treni ikaufikisha Kabalo, boti ikaupandisha mto hadi hapa Ankoro, Luvua inapoingia Lualaba. Kipuri kimoja kikiungua, kingine kitapita njia hiyohiyo, na safari hiyo unaijua. Najua ni habari gani inayokunyima usingizi: yule mvulana Mwingereza, Luke Bannister, aliyekuwa na miaka 15 alipoibuka mshindi wa mbio za droni kule Dubai mwaka 2016, timu yake ikaondoka na dola 250,000. Mungu ambariki. Lakini nyuma yake kulikuwa na watu wazima na masanduku ya vipuri. Wewe una sanduku moja na nkambo mmoja mwenye macho mabovu. Fundi wa hapa anapima mara nyingi kwa sababu hana cha kuharibu.

Hiyo fremu nyeusi si plastiki, ni kaboni, na kaboni hupitisha umeme. Waya uliochubuka ukigusa mkono wa fremu, bodi yako kwisha. Ukiwa na sehemu ya kukwangua, ilowanishe maji na ujifunge kitambaa puani, kwa kuwa vumbi lake halifai mapafuni. Kisha angalia skrubu za mota. Vijana huzikaza tu na kuendelea. Skrubu ikiwa ndefu kupita kiasi, ncha yake hufika kwenye nyuzi za shaba ndani na kuzichuna, na mota huungua siku ya kwanza, nawe utamlaumu muuzaji. Ingiza skrubu moja, zungusha mota kwa kidole, mulika kurunzi kwa ndani. Kisha ya pili. Ndiyo, moja moja.

Kwenye kuchomelea ndipo nitakapokuchosha zaidi. Waya wako wa kuchomelea ni bati iliyochanganywa na risasi, na bati ndiyo iliyojenga mji wa Manono. Kampuni ya Géomines iliichimba pale tangu enzi za Wabelgiji, na mitambo ya Piana Mwanga kwenye mto Luvua ikaipa migodi umeme, hata vita vikaja kuinyamazisha. Kwa hiyo, mjukuu, usiichezee bati mbele yangu. Pasha moto shaba ya bodi na waya kwa pamoja, ndipo uilete bati iyeyuke yenyewe. Kiungo kilichoshika hulala chini, laini, kinang'aa. Kisichoshika hujikunja juu kama tone la maji kwenye jani la muhogo. Ukikiona hivyo kirudie, hata kama mkono umechoka. Na ile kapasita ndogo uliyoiacha pembeni ukidhani ni ya ziada, ichomelee kwenye nyaya za betri. Inazima mshtuko wa umeme mota zinapobadili mwendo ghafla.

Betri yako ya lithiamu ina seli nne. Ikijaa kabisa ni volti 16.8, yaani 4.2 kwa kila seli, na wala usiipitishe hapo. Ukirusha, seli zisishuke chini ya 3.5, na isipotumika iache kwenye 3.8. Chaji kwa ile mashine inayosawazisha seli, juu ya tofali, ukiwa umekaa nayo. Usiichaji kitandani wala usiiache ikichaji ukaenda mtoni. Ikivimba, ndiyo basi tena, hata ingekuwa mpya. Lithiamu iko tele chini ya ardhi ya Manono, kampuni zimeshtakiana miaka kwa ajili yake, lakini kifaa cha kuzimia moto nyumba ya mama yako hatuna.

Ukiichomeka betri mara ya kwanza, propela zisiwepo. Upande wa programu, Betaflight, utahakikisha mbili zinazunguka kulia na mbili kushoto, na kwamba rimoti ikipoteza mawasiliano mota zinazima. Mota hizo huzunguka zaidi ya mara elfu ishirini kwa dakika. Kidole hakitaomba ruhusa.

Sasa lile lililonifanya nikuite. Mwendo wa zaidi ya kilomita 100 kwa saa, na mlio wake ule mkali, juu ya paa za Ankoro! Novemba 2002 askari wa serikali na wanamgambo wa Mai-Mai walipigana hapa, raia wakauawa, nyumba zikachomwa kwa maelfu. Wewe hukuwepo. Bibi zako walikimbilia porini na watoto mgongoni, na hadi leo kishindo kikubwa huwafanya wasimame mlangoni. Na redio wanasikiliza: Februari 2024 uwanja wa ndege wa Goma ulipigwa, jeshi likasema ni droni. Kwao droni ni neno la vita. Bibi yako mmoja atakapoona jicho la kamera linapita juu ya bafu lake la nyasi, hatauliza kama ni ya mashindano.

Kule Mbandaka mwaka 2019 droni zilianza kujaribiwa kupeleka chanjo vijijini, mkoani Équateur. Chombo ni kilekile cha kuruka, lakini watu walielezwa kwanza, wakajua kinatoka wapi na kimebeba nini. Nawe utaeleza. Utaenda kwa chifu, utampigia magoti kama ulivyofundishwa, utamwonyesha mashine ikiwa imezimwa, na utamwambia unarushia wapi na saa ngapi. Maafisa nao wataarifiwa, kwani anga ya nchi hii ina wenyewe, kuanzia AAC, mamlaka ya usafiri wa anga kule Kinshasa. Tutatafuta uwanja mbali na soko na kivuko. Ukivaa ile miwani yako ya kuonea picha za kamera huoni hata mtoto aliyesimama kando yako, kwa hiyo mdogo wako atakaa bega kwa bega nawe awe macho yako.

Haya, endelea na bodi na mota. Zile propela nipe, nitazifungia kwenye kabati langu. Utazidai siku tutakaporudi kutoka kwa chifu.