Pumzi ya Baba

Nina kaseti moja ya marehemu baba, akitusomea shairi lake sebuleni. Nina pia amplifaya mbili: ya valvu, niliyorithi kwake, na ya transista, niliyoinunua kwa mshahara wangu wa kwanza.

Valvu ni chupa ya kioo iliyoondolewa hewa; ndani yake waya huwaka mpaka elektroni zikaruka. Hupasha chumba joto, huchakaa, na huongeza kitu ambacho hakikurekodiwa: kila noti huipa kivuli chembamba cha sauti, oktavu moja juu yake. Sikio hukiita utamu. Transista, iliyozaliwa katika maabara ya Bell, Marekani, mwaka 1947, ikiundwa vizuri haiongezi kitu cha kusikika.

Kwenye valvu baba ana sauti nzito ya kifuani, kama ninavyomkumbuka. Kwenye transista nasikia pumzi ikikatika kati ya mishororo. Alikuwa ameshaanza kuumwa, na hakutuambia.

Ipi inamtendea haki? Zamani ningejibu haraka: ukweli. Lakini ile pumzi yeye mwenyewe aliificha. Je, ni haki yangu kuifichua, au ni wajibu wangu kuisikia, walau sasa?

Mama akija, nawasha valvu. Akiondoka, transista. Kumpamba baba mbele ya anayemlilia si kukataa kumjua. Uongo utaanza siku nitakayouza ile ya pili.